Skrubu ya Deki ya Bi Zuwena

Kijana mmoja alinijia mwezi uliopita amekumbatia deki ya kaseti kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliniamkia vizuri, akaiweka mezani, akafuta jasho.

"Babu, nimeambiwa wewe ulikuwa fundi wa hizi pale Kariakoo."

"Nilikuwa."

"Basi naomba unionyeshe simu inachomekwa wapi."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini nilipoitazama ile deki, bati lake la mbele lililosuguliwa, vitufe vizito, kioo ambacho nyuma yake zinalala sindano mbili, kicheko kiliniisha. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa mtaa wa zamani. Tukaiwasha. Mwanga wa rangi ya chungwa ukaja taratibu nyuma ya kioo, zile sindano zikatikisika kidogo, zikatulia. Kijana akasogeza kiti karibu. Hapo ndipo nilipoona niwaandikie ninyi mnaozitafuta deki hizi kwenye maduka ya mitumba, kabla hamjazitia bisibisi.

Deki nzuri utaijua kwa uzito wake. Iinue kabla hujaiwasha. Ikiwa nyepesi kama katoni tupu, mrudishie mwenyewe. Kisha bonyeza mlango wa kaseti. Unatakiwa ufunguke polepole, bila kelele, kama mzee anayeinuka kitini. Ndani utaziona hedi, vile vipande vidogo vinavyong'aa ambavyo kanda hupita juu yake. Deki za kawaida zina mbili: ya kwanza inafuta, ya pili inarekodi na kusoma kwa zamu. Deki kubwa zina tatu, na raha yote iko kwenye hiyo ya tatu. Unarekodi, na papo hapo unasikia kile ambacho kimekwisha kuingia kwenye kanda, kimechelewa kidogo tu. Unabonyeza swichi, unasikia dunia. Unabonyeza tena, unasikia kanda. Ukifumba macho ukashindwa kujua uko upande gani, hiyo ndiyo deki ya kuuzia shamba. Mimi nimekaa mchana mzima nikiicheza swichi hiyo, huku na kule, mpaka nikawa sijui kama watu wanaopita Mtaa wa Msimbazi wanapita sasa au wamekwisha pita.

Sikiliza pia kama inayumba. Usiipime kwa ngoma, maana ngoma huficha mengi. Ipime kwa sauti moja ndefu, filimbi kwa mfano. Deki mbovu huifanya filimbi ilie kama mtoto anayetikiswa mgongoni. Nzuri huinyoosha kama uzi. Na usiogope mvumo, ule mchirizi mwembamba unaosikika kabla muziki haujaanza, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili. Deki huwa na kitufe cha kuupunguza. Ukikibonyeza sana, unapunguza na pumzi ya mwimbaji. Mimi nilikuwa nakiacha.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Mwinshehe. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na ili mteja atufikie ilimlazimu apite katikati ya majora, kwa hiyo wateja wetu wengi walifika wakiwa na vitenge ambavyo hawakuvipanga. Mzee Mwinshehe alikuwa mfupi, mkali, na mpenda kashata. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alituwekea sisi wanafunzi wake kanda tupu, kanda isiyo na kitu ndani, akatutaka tuisikilize.

"Mnasikia nini?"

"Hatusikii kitu, mzee," nilijibu.

"Basi nawe Sudi rudi kwenu ukalale. Ukishaanza kusikia, njoo."

Ilinichukua wiki mbili kusikia. Baada ya hapo sikuacha kusikia tena. Hata leo nikikaa kimya naisikia kanda tupu ikizunguka mahali fulani nyuma ya kichwa changu.

Jambo alilolishika kama dini lilikuwa skrubu. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi, ndogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ndiyo inayoisimamisha hedi. Hedi ina ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na ufa ule unatakiwa usimame wima mbele ya kanda. Ukilala upande, hata kwa unywele, sauti nene zinabaki lakini zile nyembamba zinapotea: herufi za s, matoazi, njuga, mvua. Mtu anabaki anaongea kama amefunikwa blanketi.

Mzee Mwinshehe alitukataza kuigusa skrubu hiyo kabla ya kufanya mambo mawili. La kwanza, kuuliza. "Msiniambie deki inaumwa nini," alikuwa akisema, "niambieni inakula kanda zipi." La pili, kuikwaruza kwa sindano mahali iliposimama, ili ukiizungusha uweze kuirudisha. Kazi ikiisha tuliifunga kwa tone la rangi ya kucha, nyekundu, isilegee. Rangi ile aliichukua kwa mkewe, na mkewe alilalamika mbele yetu kwamba deki za watu zina kucha nzuri kuliko zake.

Nimeyaona makosa ya kila namna. Kuna mpiga muziki wa harusi aliyeona deki yake inakwaruza, akailainisha kwa mafuta ya nazi. Siku ya harusi kanda ikateleza, bibi harusi akaingia ukumbini kwa muziki unaokwenda kama mtu mwenye usingizi, naye kwa heshima akapunguza mwendo kuufuata. Walifika jukwaani chakula kimepoa. Aliniletea deki ile inanukia kama wali, nikamuuliza kama ameleta na samaki. Hilo lilikuwa kosa la kuchekwa. Langu halikuwa hivyo, nami nalisema hapa kwa sababu sikulisema mapema.

Mzee Mwinshehe alikuwa amesafiri kwao Rufiji, nami nimeachiwa kibanda. Akaja mama mmoja kutoka Upanga, Bi Zuwena, mtu wa makamo wakati huo, amevaa buibui, nyuma yake mchukuzi amebeba deki ya hedi tatu. Alisema neno moja tu: inavuta. Sauti zinakwenda polepole, zinazama. Nikajua ni beliti, ule mpira unaozungusha magurudumu, umelegea. Kazi ya nusu saa. Nilibadilisha beliti, deki ikakaa sawa, na hapo ningetakiwa kuifunga.

Lakini nilikuwa kijana, na wiki hiyo nilikuwa nimepata kanda ya kupimia, kanda maalumu iliyorekodiwa ikiwa imenyooka kabisa. Nilijivunia kanda ile kuliko viatu vyangu. Nikaitia. Ikatoka imefifia. Nikachungulia, nikaona hedi imelala upande, na skrubu haina rangi ya kucha. Nikasema moyoni, huyu mama ana bahati amekuja kwangu. Sikuuliza inakula kanda zipi. Sikuikwaruza. Niliizungusha mpaka kanda yangu ikalia kama kengele, nikaifunga kwa tone jekundu, nikabandika karatasi yenye jina langu ndani ya mfuniko. Nilimpa zaidi ya alichoomba, na sikumdai chochote kwa hilo.

Baada ya siku chache alirudi peke yake, bila deki.

"Fundi," alisema, "mwanangu anaongea ndani ya godoro."

Akanieleza. Alikuwa na binti, Samira. Siku zile, kama mnavyotumiana sauti kwenye simu, familia zenye ndugu Maskati zilitumiana barua za kaseti: unakaa mbele ya deki, unasema ya nyumbani, unampa msafiri kanda aifikishe. Samira, akiwa mjamzito, alikuwa amemrekodia dada yake barua ya namna hiyo. Kabla haijapata msafiri alijifungua, na siku ya tatu akafariki. Kanda ikabaki. Ilikuwa moja tu. Mtoto alikuwa hai, wa miezi michache, yuko nyumbani na yaya.

Ninyi mmekwisha elewa kilichotokea. Mimi sikuelewa, au niseme sikutaka. Nikamwambia, "Mama, kanda imechoka. Kanda nazo huchoka."

"Imechoka wiki hii?"

"Huwa hivyo. Jaribu kwa jirani utaona."

Akajaribu kwa jirani, ikatoka vilevile, imefunikwa. Lazima itoke hivyo, maana ya jirani ilikuwa imenyooka kama nilivyoinyoosha yake. Akaniamini.

Mzee Mwinshehe aliporudi nilimsimulia kama mkasa wa mteja msumbufu. Aliweka kashata chini.

"Deki iliwahi kuanguka?"

"Sijui."

"Iliwahi kuanguka," alisema. "Hedi ikainama. Wao wakaendelea kurekodi humo humo ikiwa imeinama. Kanda yao imeinama, deki imeinama, walikuwa wanaelewana. Wewe umemnyoosha mmoja." Akanitazama. "Ulikwaruza alama?"

Nikaanza kupanga bisibisi mezani.

"Nenda Upanga kesho. Mwambie."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda Jumamosi, kisha baada ya Idi, kisha nikawa napita mtaa mwingine nikitumwa upande ule wa Upanga. Mzee Mwinshehe hakuniuliza tena, na mpaka anaondoka duniani hakuniuliza. Kaseti zikaondoka, zikaja sidii, zikaondoka nazo, kibanda kikawa duka la vioo vya simu, mimi nikastaafu. Miaka ikapita juu ya skrubu moja.

Kisha, mwaka jana, bajaji ikasimama mlangoni kwangu. Akashuka dada mmoja mrefu, muuza vitambaa pale Mchafukoge, ameifunga deki kwa kanga mbili. Akaniambia anaitwa Nasra.

"Shikamoo, babu. Karatasi yako imo ndani ya mfuniko. Nimeuliza Kariakoo siku tatu."

"Marahaba, mwanangu. Ya nani hii?"

"Ya bibi yangu, Bi Zuwena wa Upanga. Masikio yake yanaondoka. Daktari amesema huu mwaka, labda na ujao, kisha basi. Anataka ajaribu kumsikia mama yangu mara moja tena." Akaiweka chini taratibu. "Anasema wewe ulimwambia kanda imechoka. Anauliza kama siku hizi kuna dawa ya kanda zilizochoka."

Nilikaa. Yule mtoto wa miezi michache alikuwa amesimama mbele yangu ananirudishia uongo wangu bila kujua.

Deki nilikaa nayo siku nne. Beliti zilikuwa zimeyeyuka zikawa kama lami, nikazikwangua, nikatia mpya. Nikazisafisha hedi kwa pamba na spiriti, nikalainisha mota, nikabadilisha gurudumu la mpira lililokauka. Tone langu jekundu lilikuwa bado pale, linang'aa, halijapasuka. Nililitazama sana. Kisha nikamwambia Nasra tuipeleke kwa bibi yake, maana kazi iliyobaki inataka ile kanda na mtu anayeijua sauti yake.

Alasiri tulipanda ngazi za ghorofa yao. Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, hina mpya vidoleni. Sikukaa.

"Bi Zuwena, kanda haikuchoka. Mimi ndiye niliyeiharibu deki. Niligusa pasipotakiwa kuguswa, na nilijua wiki ile ile."

Ilibidi nirudie kwa sauti. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Alinitazama mdomo.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "mimi nalia na kanda, wewe uko Kariakoo unakunywa chai."

"Niliona aibu."

"Mimi nilidhani nimeichosha mwenyewe kwa kuisikiliza sana. Nikaacha kuisikiliza. Unaelewa, Fundi? Niliiacha makusudi, ili isife kabisa." Akageukia ukuta kidogo, kisha akarudi. "Haya, aibu yako iweke hapo mlangoni na viatu. Kaa ufanye kazi."

Nilimwuliza swali nililotakiwa kumwuliza zamani. Akasema ndiyo, ilianguka, kwenye ngazi zile zile, siku marehemu mumewe alipoinunua.

Tukaunga spika mbili. Nikatia kanda. Mwanamke akaanza kuongea chini ya maji. Nikakwangua rangi nyekundu, nikaingiza bisibisi, nikaizungusha skrubu robo ya robo huku kanda inacheza. Nikasikiliza. Nikazungusha tena. Kushoto, kulia. Hakuna kilichobadilika. Nilidhani hedi imekufa, mpaka nilipoona uso wa Nasra unakunjuka na kukunjamana kila nikizungusha.

"Unasikia tofauti?"

"Nasikia, babu. Wewe husikii?"

Sikuwa nasikia. Zile sauti nyembamba nilizofundishwa kwa kanda tupu zilikuwa zimeniondokea, sijui lini, bila kuaga. Bi Zuwena naye alikuwa ameinama mbele, mkono sikioni, anatikisa kichwa. Fundi wa sauti ile hasikii, na anayeijua sauti ile hasikii. Nikampa Nasra bisibisi.

"Zungusha wewe. Kidogo kidogo. Ikiwa sawa utaijua."

Alizungusha kidogo, akasimama. "Nitaijuaje? Mimi sijawahi kumsikia."

Kanda ikaendelea kunung'unika. Bi Zuwena aliuliza amesema nini, nikamrudishia maneno yale sikioni. Akainuka, akashika ukuta mpaka kabatini, akarudi na kopo la biskuti. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na bangili saba za fedha, nyembamba.

"Mama yako alikuwa haongei bila mikono," alimwambia. "Hata mbele ya deki. Baba yake akimwambia vua hizo, zinaingia kwenye kanda, anacheka." Akazishika zote saba, akazitikisa karibu na sikio la Nasra. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu zinagongana. "Usimtafute yeye. Zitafute hizi."

Nasra akafumba macho. Bibi anatikisa, mjukuu anazungusha. Anatikisa, anazungusha. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Nje muuza ndizi alipita akinadi, akaishia mbali. Kisha bisibisi ikasimama, na Bi Zuwena, aliyekuwa akiutazama ule uso tu, akaacha kutikisa.

"Bibi," Nasra alisema bila kufumbua macho, "umeacha?"

"Nimeacha."

"Bado nazisikia."

Bi Zuwena akazishusha bangili mapajani.

"Anasema nini?" Bi Zuwena akauliza. "Niambie, mimi napata sauti tu, maneno sipati. Lakini ni yeye. Anasema nini?"

Nasra akasogea mpaka sikio la bibi yake, akaanza kuyarudia maneno ya mama yake yalivyokuwa yakitoka, neno kwa neno, amechelewa kidogo tu, kama hedi ya tatu.

"Anasema, dada, usicheke, nimekuwa kama pipa. Anasema mama ananifokea nisinyanyue ndoo. Anasema joto la huku ulilisahau. Anasema…" Akamshika bibi yake bega. "Anasema, bangili zimeanza kunibana lakini sizivui, maana kila nikizitikisa, huyu humu ndani anapiga teke. Sikiliza, dada, nakutikisia. Haya. Amepiga."

Kanda ikaenda kidogo bila maneno. Bi Zuwena alichukua mkono wa Nasra, akazivalisha zile bangili moja moja, mpaka ya saba.

Nasra aliirekodi barua ile kwenye simu yake siku hiyo hiyo, na nakala imefika Maskati kwa yule dada ambaye ilikuwa yake. Vizuri. Lakini Bi Zuwena anataka deki. Anapenda kuziona sindano zikicheza nyuma ya kioo, anasema anamwona akiongea.

Kabla sijaondoka nilimwomba Nasra rangi ya kucha. Alikuwa na ya zambarau tu. Kwanza nikaikwaruza alama kwa sindano, mara mbili, kisha nikadondosha tone. Karatasi yangu ya zamani ndani ya mfuniko niliibandua, nikaandika mpya: deki hii iliwahi kuanguka, hedi imelala upande, ni sawa.

Ninyi vijana ndio mtakaokuwa na hizi deki, na masikio mnayo. Siku moja deki ya Bi Zuwena nayo itashuka zile ngazi, itafika kwenye meza ya mmoja wenu, naye atatia kanda yake ya kupimia na kuona imefifia, na mkono utamwasha. Tone la zambarau. Ukilikuta, weka bisibisi chini, uliza kwanza inakula kanda ipi.